Kabla Hamjapanda, Ulizeni Nani Anabeba

Nazungumza nanyi kutoka Moshi. Mezani kwangu pana ujumbe wa kina mama wa Mombasa, wanachama wa chama chao cha kuweka na kukopa, ambao wameamua kuvuka mpaka pale Holili waje wapande Kilimanjaro. Kila atakayepanda anawatafuta watu wa kumwekea ahadi: ndugu, majirani, mwajiri, waumini wenzake. Fedha zitakazopatikana zitakwenda kwenye nyumba inayowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Swali lao ni fupi: tujiandae vipi?

Jibu lake refu, na ndiyo maana leo nimeomba kipindi kizima. Nimefurahi wameuliza mapema. Wengi wanaokuja hapa mjini huuliza wakiwa wameshalipa, wameshafika hotelini, na viatu vipya bado vimo ndani ya boksi.

Kina mama hawa hawafungui njia, na hilo liwatie moyo. Mwanamke wa kwanza kufika kilele cha mlima huu alikuwa Mwingereza, Sheila MacDonald, mwaka 1927. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita na Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS, wamekuwa wakiandaa safari ya kuupanda kwa kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya Ukimwi. Machi 2013 walikuja wanawake wa Nepali, kutoka katika kundi lililopanda Everest mwaka 2008, wakapanda Kilimanjaro pamoja na wanawake wa Kiafrika. Na mwaka 2019 bibi mmoja kutoka Marekani, Anne Lorimor, alikifikia kilele chake, Uhuru, akiwa na umri wa miaka 89. Basi yule mwenzenu aliyeniandikia kwamba ana miaka hamsini na mitatu na anaona haya, aache haya.

Ila safari iliyonigusa mimi kuliko zote ni ya Oktoba 2016. Wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika walikusanyika Arusha, wakaandika hati ya madai yao kuhusu ardhi, na baadhi yao wakapanda mlima ili madai yale yasikike mbali. Anayeishi huku anajua uzito wa jambo hilo. Ukitoka Moshi kwenda geti la Marangu unapita katikati ya vihamba, mashamba ya familia yenye kahawa chini ya migomba, mifereji ikiteremka kando ya uzio. Kwa desturi ya Wachaga kihamba hurithiwa na watoto wa kiume. Anayepalilia, anayekata majani ya ng'ombe, anayebeba ndizi kichwani kwenda sokoni, mara nyingi ni mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kwenye kikao cha ukoo, mume akishazikwa, sheria hiyo huwa haijapewa kiti. Kwa hiyo wale wanawake wa 2016 walipoanza kupanda waliyapita kwanza mashamba yenye ugomvi ule ule waliokuja kuusemea. Walikuwa wanajua wanapita wapi. Hilo ndilo ninalotaka kulifikisha Mombasa, lakini tuanze na fedha, kwa sababu fedha ndizo huvunja vyama.

Katika nchi za Ulaya, hasa Uingereza, safari za namna hii zimekuwa biashara yenye taratibu zake. Mtu hulipa kiingilio, hutia saini kwamba atachangisha kiasi fulani kisichopungua, na sehemu ya michango hiyo hulipia nauli, hoteli, ada za hifadhi na kampuni ya kupandisha watalii. Mara nyingine mchangiaji anajua, mara nyingine hajui. Nawaombeni msiufuate mtindo huo. Kila anayepanda ajilipie safari yake kutoka mfukoni mwake, au kutoka kwenye zamu yake ya chama, na michango iingie kwenye akaunti ya peke yake ambayo mweka hazina hawezi kuigusa bila saini za wenzake. Muuza samaki wa Kongowea aliyetoa shilingi mia mbili akidhani zinamwendea mama aliyepigwa, kisha akasikia zimelipia hema, ana haki ya kuja mpaka mlangoni kwenu.

Najua kuna mtu ataniuliza: kama safari yenyewe ina gharama, si bora wapeleke hizo hela moja kwa moja kwenye hiyo nyumba wakae kwao? Ni swali la haki, na nimelisikia likiulizwa kwa kejeli mara nyingi. Jibu langu ni hili. Nyinyi raia wa Afrika Mashariki mnalipa ada ndogo mno za hifadhi ukilinganisha na mgeni wa Ulaya, na nauli yenu ni ya basi kupitia Voi na Taveta. Kama mtachangisha kiasi kinachozidi sana mtakachotumia, na watu wanaotoa wasingetoa bila kuwaona mnatembea, pandeni. Kama hesabu inatoka sawa kwa sawa, basi hiyo ni likizo. Likizo si dhambi, mwanamke aliyelea watoto miaka ishirini anastahili likizo, lakini iiteni likizo.

Jambo jingine kuhusu ahadi, na hili naomba mliandike. Msikubali ahadi yenye sharti la kufika kileleni. Mtu akikwambia nitakupa elfu kumi ukifika juu kabisa, mwambie akupe elfu kumi kwa kuupanda, au akupe kiasi kwa kila kambi. Nitaeleza sababu sasa hivi, maana ndipo tunapoingia kwenye mwili.

Nyinyi mnaishi usawa wa bahari. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895, na pale hewa ya oksijeni anayoipata mtu katika pumzi moja ni karibu nusu ya anayoipata Likoni. Mazoezi hayaondoi jambo hilo. Nimewaona vijana wenye vifua vya mabondia wakirudishwa wameshikwa mikono, na mama mnene mwenye mwendo wa msiba akafika. Mwili unahitaji siku za kuzoea, na siku hizo hazinunuliwi uwanjani. Madaktari wa milima wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa itazameni njia ya Marangu, ile yenye vibanda vya kulala, ambayo watu huichagua kwa kuwa inaitwa rahisi. Kibanda cha Mandara kiko mita 2,720. Horombo ni 3,720. Kibo ni 4,720. Mita elfu moja kila siku, mara mbili ya wanachoshauri madaktari. Anayeipanda kwa siku tano anaubahatisha mwili wake. Hivyo ongezeni siku ya kupumzika Horombo, mpande kidogo mchana na kurudi kulala pale pale, au mchague njia ndefu kama Lemosho. Siku moja ya nyongeza ina gharama, najua. Ndiyo siku ya mwisho ya kubanwa mnapokata bajeti, na kampuni za bei rahisi ndizo za kwanza kuifuta.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kama uchovu wa kawaida: kichwa kinauma, chakula hakipiti, tumbo linachafuka, usingizi unakatika. Karibu kila mtu huonja kidogo, na kwa wengi hutulia ukipumzika hapo hapo bila kupanda zaidi. Hatari ni pale mtu anapoyumba kama mlevi, anapojibu maswali kombo, au anapokosa pumzi hali ameketi, akikohoa mate ya povu. Huyo ateremshwe mara moja, hata kama ni saa nane ya usiku, hata kama kilele kinaonekana. Kusubiri asubuhi kunaua.

Mnaona sasa kwa nini nilikataza ahadi ya kilele? Mwanamke aliyebeba jina la nyumba ya hifadhi, picha yake imesambazwa kwenye simu za mtaa mzima, mwajiri amemwahidi fedha akifika juu, huyo ataficha kichwa kinachomuuma. Atatabasamu mbele ya kiongozi. Atamwambia mwenzake asiseme. Wanawake wa huku kwetu na wa huko kwenu tumelelewa kuvumilia, na uvumilivu huo mlimani ni wa hatari. Kubalianeni mapema, mkiwa bado Mombasa, kwamba anayesema "naumwa" hasemwi, na anayeteremka amefanya kazi yake na michango yake inabaki palepale.

Nendeni hospitali kabla ya kulipa. Pimeni damu. Wanawake wengi hutembea na upungufu wa damu bila kujua, na mlimani damu ndiyo inayobeba hiyo oksijeni kidogo. Na nyinyi watu wa pwani nawaomba hasa mpime selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Mwenye kubeba chembe yake ya kurithi bila ugonjwa wenyewe, ambaye kwa kawaida haumwi, huenda akapata shida ya bandama akiwa juu, kwa hiyo azungumze na daktari na asiamue mwenyewe. Mwenye presha, mwenye pumu, anayetumia vidonge vya kupanga uzazi, kila mmoja amweleze daktari anakwenda mita ngapi. Mjamzito abaki akusanye michango. Kuna dawa iitwayo acetazolamide ambayo husaidia mwili kuzoea. Si ya kugawana kama peremende, maana wenye mzio wa dawa za salfa wanatakiwa kuangaliwa kwanza, na inakojoza.

Mazoezi mtayafanya hapo hapo. Pandeni ngazi za maghorofa, tembeeni na begi mgongoni alfajiri, na mwezi mmoja kabla ya safari nendeni Taita. Kutoka Voi hadi Wundanyi si mbali, na kilele cha Vuria kina mita 2,208, hakitawazoesha mwinuko lakini kitawafundisha kuteremka. Nasema kuteremka makusudi. Usiku wa kilele mtatoka Kibo karibu na saa sita, mpande mita 1,175 gizani, halafu siku hiyo hiyo mshuke hadi Horombo, zaidi ya mita 2,100. Magoti ndiyo yanayolia, mapafu yameshasahau.

Vifaa sitavimaliza. Viatu viwe vimevaliwa mpaka vimelainika. Nguo ziwe za tabaka, na pamba isiguse ngozi kwa sababu ikilowa haikauki. Mfuko wa kulalia, koti la mvua, tochi ya kichwani na fimbo mtavikodi hapa Moshi, na kwenye mitumba ya soko la Memorial mtapata majaketi ya barafu kwa bei ambayo hamtaamini. Njooni na leso zenu. Mnacheka? Kule juu ya mstari wa miti hakuna kichaka. Mwanamke akibanwa njiani, wenzake wawili wakishika leso pamekuwa chumba. Kuhusu hedhi, mwinuko na baridi vinaweza kuzibadilisha siku zake, ije kabla au ichelewe, kwa hiyo kila mmoja abebe vya kutosha hata kama hesabu yake haikuangukia safarini, pamoja na mfuko wa kurudishia taka, maana hifadhi hairuhusu kuacha kitu. Mnaovaa hijabu, mtandio wa sufi chini ya kofia ya jaketi unafaa kuliko wa hariri. Mwambieni mpishi mapema kuhusu nyama ya kuchinjwa. Msije masika, Machi mpaka Mei. Pasipoti iwe hai, na kadi ya homa ya manjano iwe mkononi pale Holili, la sivyo mtakaa hapo mkitazama mlima kwa mbali.

Nimeyataja hayo haraka kwa sababu yameandikwa kila mahali na kampuni yoyote itawapa orodha. Lipo jambo ambalo halimo kwenye orodha, na kwangu ndilo la kwanza.

Kikundi cha watu kumi kikifika getini hakipandi watu kumi. Kuna viongozi, kuna mpishi na msaidizi wake, na kuna wapagazi, watatu au zaidi kwa kila mgeni. Wanajiita wagumu. Wanabeba mahema, meza, viti, mitungi ya gesi, mayai, matikiti, choo cha kubebeka, na begi lako. Utaratibu wa hifadhi ni kwamba mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mpagazi mmoja, mbali na vitu vyake mwenyewe, na getini kuna mizani. Watakuamsha na chai ya moto, watakuacha unapanda polepole, wataikunja kambi, watakupita njiani wakikimbia na mizigo kichwani, na ukifika utakuta hema limesimama. Tangu siku za mwanzo ni hivyo. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 jina lake liliandikwa vitabuni mara moja. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyemwongoza, alisubiri mpaka sherehe za miaka 100, mwaka 1989, ndipo akatambuliwa rasmi.

Miongoni mwa wagumu siku hizi wamo wanawake. Bado ni wachache, lakini simameni getini asubuhi mtawaona: kilemba kimefungwa kwa nguvu, begi la mgeni kichwani, wengine wameacha watoto kwa bibi yao huko Kibosho au Rombo. Wanafanya kazi ile ile kwa mzigo ule ule. Na wana maswali ambayo mwanamume hana. Usiku analala wapi, kama hema la wapagazi ni moja na wenzake wote ni wanaume? Aliyempa nafasi ya kupanda anataka malipo gani? Rushwa ya ngono imekatazwa na sheria yetu ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, lakini tunaijua katika ajira nyingi nchini, na mlima hauko nje ya nchi.

Hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya wageni wetu, tena wageni wema. Mtu anatoka mbali, fulana yake imeandikwa maneno mazuri ya kumwinua mwanamke, amechangisha fedha nyingi kwa mradi ulio kilomita mia mbili kutoka hapa, halafu ameichagua kampuni kwa kigezo kimoja tu, bei. Bei ikishuka namna hiyo, kuna mtu amekatwa. Ada za hifadhi hazipunguzwi. Mafuta ya gari hayapunguzwi. Kinachobaki ni ujira wa mpagazi, chakula chake, hema lake. Kwa hiyo mwanamke wa kwanza ambaye safari hiyo imemgusa ni yule aliyebeba begi, na imemgusa kwa kumpunja. Hakuna mradi unaofuta hilo.

Haiko hivyo kila mahali. Kule Pokhara, Nepali, dada watatu wa ukoo wa Chhetri, Lucky, Dicky na Nicky, walianzisha kazi ya kuwaongoza wanawake milimani miaka ya 1990, baada ya kusikia wageni wa kike wakilalamika jinsi walivyotendewa na viongozi wanaume. Wakaanza kuwafunza wasichana kutoka vijijini kazi ya uongozi. Fedha ya mgeni pale inakuwa mshahara wa mwanamke, na mshahara una heshima ambayo sadaka haina. Bolivia nako wapo wanawake wa Kiaymara waliokuwa wakipika kambini na kubeba mizigo ya wapandaji, wengi wao wake wa viongozi wa milima. Kwa miaka waliwapikia watu waliokwenda kileleni. Mwaka 2015 wakaamua waende wenyewe, wakapanda Huayna Potosí wenye mita 6,088, na Januari 2019 baadhi yao wakafika juu ya Aconcagua, mita 6,961, mlima mrefu kuliko yote ya bara la Amerika, wamevaa sketi zao za marinda. Na sisi hatuko nyuma sana: mwaka 2021 Rawan Dakik, binti wa Arusha, alifika kilele cha Everest, Mtanzania wa kwanza mwanamke kufanya hivyo.

Tuna viongozi wanawake hapa Kilimanjaro, wenye leseni, wanaojua mlima huu kama wanavyojua jikoni kwao. Kampuni nyingi hazimpangi mwanamke mpaka mgeni amwombe. Nyinyi mwombeni. Na hapa sisemi kwa wema tu, nasema pia kwa usalama wenu, kwa sababu mwanamke wa Mombasa aliyetapika usiku, au aliyeanza kutokwa na damu nyingi kuliko kawaida, atamwambia mwanamke mwenzake jambo ambalo kwa mwanamume atalimeza mpaka asubuhi.

Kina mama, kwa hiyo, kabla hamjatuma hata senti, iandikieni kampuni. Mpagazi analipwa shilingi ngapi kwa siku, na analipwa lini baada ya kushuka? Anakula mara ngapi? Analala ndani ya nini, na wapagazi wanawake wana hema lao? Je, kampuni inashirikiana na KPAP, shirika lililopo hapa Moshi tangu mwaka 2003 ambalo hufuatilia jinsi wapagazi wanavyotendewa na huwaazima nguo za baridi bila malipo? Kampuni nzuri itawajibu siku hiyo hiyo, kwa tarakimu. Ikiwajibu kwa picha za machweo, tafuteni nyingine.

Siku ya mwisho kuna bakshishi. Msiikabidhi yote kwa mtu mmoja ndani ya bahasha. Waiteni wote, tangazeni kila mtu anapata kiasi gani, mgumu na mpishi na kiongozi, kila mmoja asikie kwa masikio yake, mpeane mkononi. Ndipo mpige picha. Na mnapoitangaza ile fedha ya nyumba ya hifadhi, waambieni wale wagumu wanawake pia kwamba ndiyo iliyowaleta. Wao ni kina mama kama nyinyi, huenda wapo wanaoijua nyumba ya namna hiyo kuliko mnavyoijua.

Nina ombi pia kwa wanaonisikiliza hapa Kilimanjaro. Kama wewe ni mwanamke unayebeba mizigo au unayeongoza wageni mlimani, tuandikie. Utueleze unalalaje, unalipwaje, nini kikibadilika kesho asubuhi kitakusaidia. Jina lako hatutalitaja. Wenye kampuni nao, kipaza sauti hiki ni chao pia wakitaka kujibu.

Na nyinyi wa Mombasa, msimu wa kiangazi unaanza Juni na unakwenda mpaka Oktoba. Mkitaka kupanda Agosti, mazoezi na barua kwa kampuni vianze wiki hii. Majibu mtakayopata nitumieni niyasome hapa, yawe matamu au machungu, ili chama kingine kitakachokuja baada yenu kijue wapi pa kupeleka fedha yake.